Mtetemo wa Mwendo wa Ishirini

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na mimi nimeanza daftari hili. Lile la ratiba ya wanafunzi limejaa malalamiko yangu pembezoni hadi Shemeji ameniomba niyapeleke kwingine. Shemeji ni mume wa dada yangu, na ndiye mwenye shule hii ya udereva: gari moja dogo jeupe, chumba kimoja chenye picha za alama za barabarani, na mwalimu mmoja, ambaye ni mimi. Huu ni mwaka wa kumi na tano nakaa kiti cha kushoto na breki yangu ya akiba chini ya mguu, na bado niko hai.

Nimepata mwanafunzi mpya, mkunga wa hospitali, mama wa miaka hamsini na minne. Amekuja na mwavuli na viatu vya raba. Kabla ya kufungua mlango wa gari alinitazama akaniuliza, "Mwalimu, utanivumilia?" Nikamwambia kuvumilia ndiyo kazi yangu. Nilikuwa natia chumvi.

Jumatano, 5 Machi

Mkunga amenieleza shida yake. Hospitali imemwondoa dereva wa kliniki inayotembelea vijiji, na gari atapewa mkunga mwenye leseni. Asipokuwa nayo kufikia mwisho wa Aprili, kazi hiyo inakwenda kwa mwingine na yeye anarudishwa wodi, zamu za usiku. Mumewe alipigwa na kiharusi mwaka juzi, hawezi kujigeuza kitandani, na hakuna mtu mwingine nyumbani. "Kwa hiyo unaona," alisema, "sijaja kutafuta ufahari."

Tulipokuwa tunazunguka uwanja kwa mwendo wa ishirini, gari likatetemeka.

"Mwalimu, gari linatetemeka."

"Ni mguu wako, mama. Unaachia klachi kabla ya wakati."

"Mguu wangu uko sakafuni, kando kabisa."

Nikamwambia tuendelee mbele.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Mwanafunzi wangu mwingine, Kinyozi, amezima gari mara tisa. Sina jingine.

Jumatatu, 10 Machi

Leo limetetemeka kwa Kinyozi pia. Huyu ni yule kijana mwenye duka la kunyoa karibu na soko, anayeendesha kiwiko kikiwa nje ya dirisha kana kwamba amezaliwa na leseni. Nikamwambia ni mguu wake. Akakubali mara moja, kwa sababu kweli mguu wake ni balaa.

Lakini nilipobaki peke yangu nilianza kufikiri. Mtetemo huu hauna kelele. Unapanda kwenye usukani na kiti, kama mtu aliyekaa nawe meza moja anayetikisa goti. Unaanza kwenye kumi na tano, unakolea kwenye ishirini, unaisha kabla ya arobaini. Nililichukua gari mwenyewe nikazunguka mtaa mzima. Hakuna kitu, laini kabisa. Nikarudi nimefurahi, na furaha yenyewe haikudumu hata nikamaliza chai.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempelekea gari Fundi Taratibu. Jina tumempa sisi, maana kufungua boneti tu kunamchukua robo saa. Alilijaribu barabarani, akarudi akipangusa mikono. "Hamna kitu, dada. Labda mipira ya injini, imechoka." Akaibadilisha. Shemeji alipoona risiti alikaa chini kwanza.

Ijumaa, 14 Machi

Limetetemeka.

Jumatatu, 17 Machi

Sasa kila asubuhi, kabla ya mwanafunzi wa kwanza, nazunguka gari na spana nikikaza nati zote kumi na sita. Zote zimekaza. Nazikaza tena. Dada alinikuta leo nimechuchumaa kwenye matope akasema nitaziua hizo nati. Nilicheka naye, lakini nina hofu na sijui naiogopa nini hasa. Naona gurudumu likichomoka mwanafunzi akiwa kwenye usukani. Naliona likibingirika peke yake hadi kwenye watoto wa shule. Breki yangu ya akiba haiwezi kusimamisha gurudumu ambalo halipo.

Ijumaa, 21 Machi

Leo lilikuwa somo la kuegesha kando ya barabara. Hapa nina utaratibu wangu ambao sikufundishwa na mtu. Namwambia mwanafunzi arudi nyuma polepole mpaka tairi la nyuma kushoto liguse ukingo wa zege. Ligonge kidogo, tup! Namwambia, "Umesikia? Hapo ndipo gari lako linapoishia." Akishagonga mara ishirini hasahau tena maisha yake yote. Wanafunzi wangu wanaegesha vizuri kuliko wa shule yoyote, hata wanaonichukia wanakubali hilo.

Mkunga hakupenda. "Kwa nini tuligonge, mwalimu?"

"Ili ujue mwisho wake."

"Mwisho wake nauona kwenye kioo."

Alifanya, lakini kila tulipogonga alikunja uso kama aliyekanyagwa yeye.

Jumanne, 25 Machi

Fundi Taratibu amehamisha matairi tena, kama alivyofanya Februari, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, akayapima yote kwenye mashine ya kusawazisha. Leo usukani ulitulia kabisa. Nilishusha pumzi ndefu. Niliimba hata.

Mkunga aliendesha mzunguko mmoja, wa pili, akasimamisha gari. "Halijaacha, mwalimu. Limehama tu. Kwanza lilikuwa mikononi, sasa liko huku." Akagusa kiuno chake. "Linatoka nyuma. Kushoto."

Sijui nilipatwa na nini. Nilikuwa nimesubiri wiki tatu kufurahi, na yeye ananinyang'anya kwa dakika tano. Nikamwambia, "Mama, gari halina kitu. Mwili wako unaogopa na gari linausikia."

Aliendesha mpaka mwisho wa saa yake, akafunga mlango kwa utaratibu, akaenda. Ningependa kama angeubamiza.

Jumamosi, 29 Machi

Mkunga hakuja. Simu yake inaita tu. Mvua haikukatika toka alfajiri.

Jumatano, 2 Aprili

Amekuja. Nilitaka kusema neno, akaniwahi: "Nimekuja kujifunza, mwalimu, sikuja kupendwa. Tuanze." Anaendesha vizuri. Niseme ukweli: anaendesha vizuri kuliko wote wa msimu huu. Hakati kona kwa pupa na hajawahi kuzima injini tangu wiki ya pili. Kwenye mwendo wa ishirini anauma mdomo na kunyamaza. Mimi naangalia dirishani, na chini yetu kile kitu kinatetemeka, na sote wawili tunajitia hamnazo.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemwomba Shemeji tulipeleke kwa fundi mwingine. Amekataa. Mtihani ni tarehe kumi na sita, tuna watahiniwa watano na gari moja. "Likilala gereji wiki nzima, watafanyia mtihani kwenye kiti cha ofisi?" Nikamwambia nina hofu. Akasema, "Wewe una hofu tangu ukiwa msichana, dada yako ameniambia." Kisha akanisihi kwa upole, na upole wake hunishinda nguvu kila mara.

Ijumaa, 11 Aprili

Mtetemo umezidi. Au mimi nimezidi.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika mkono ukitetemeka, na safari hii ni mimi kweli.

Uwanja wa mtihani una lango moja, kibanda cha bati na mtahini mmoja mwembamba mwenye kalamu iliyofungwa kamba shingoni. Mkunga alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Alivaa sare yake ya kazi kwa sababu angekwenda zamu akimaliza. Tukafanya mzunguko wa kujipasha kabla ya kuitwa, mimi na yeye tu. Kwenye ishirini kiti kilinitikisa mpaka meno yakagongana. Hata kipofu angejua.

Alisimamisha gari mbele ya kibanda. Akavuta breki ya mkono, akazima, akashuka.

"Mama, ni zamu yako."

"Siliendeshi hili. Na hawa wengine wasipande." Alisema hivyo mbele ya wote wanne waliokuwa wamejikinga mvua ukutani. "Baada ya uwanja tunatakiwa barabara kuu. Sipeleki gari hili barabara kuu, na mtu yeyote asilipeleke."

Mtahini akatoka. Hakumwuliza yeye, aliniuliza mimi. Ndivyo utaratibu ulivyo: neno la mwalimu ndilo linaloandikwa. "Mwalimu, gari lina hitilafu?"

Nilijua maana ya kila jibu. Nikisema lina hitilafu, mkunga haandikiwi kosa na anapewa siku nyingine mwezi huuhuu. Lakini gari linafungiwa hapohapo, wanne wanarudi nyumbani, na mimi naulizwa kwa nini nimeleta gari bovu mtihanini. Nikisema ni zima, yeye ndiye aliyekataa mtihani, na anayekataa anasubiri miezi mitatu.

Nikasema, "Gari ni zima. Mama ameingiwa na woga."

Nimeliandika na bado siamini kwamba ni mimi niliyelisema. Sauti yangu ilitoka tamu, ya kumhurumia. Mkunga alinitazama. Sikuona hasira. Alinitazama jinsi anavyotazamwa mgonjwa ambaye hali yake imeshajulikana. Akachukua mwavuli wake, akaenda kituoni. Mtahini aliandika "amekataa" na kuita jina lililofuata.

Lilikuwa la Kinyozi. Alipanda na mtahini, kiwiko ndani kwa mara ya kwanza, wakazunguka uwanja, wakatoka langoni kwenda barabara kuu. Dakika arobaini. Sijawahi kuishi dakika arobaini kama zile. Kila king'ora nilichosikia mbali kilikuwa chao. Nilimwomba Mungu kwa ahadi ambazo siwezi hata kuziandika hapa. Waliporudi, Kinyozi alikuwa anacheka dirishani. Nikamkumbatia nikilia. Alidhani nampongeza.

Niliwaambia watatu waliobaki kwamba sijisikii vizuri, nikaondoa majina yao. Ushujaa wangu wote wa leo ni huo, na umekuja umechelewa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nililiendesha gari peke yangu uwanjani, kwa mwendo wa ishirini. Ishirini kamili, saa nzima. Ndipo nilipogundua jambo la aibu. Katika miaka yote hii mimi siendeshi polepole. Polepole huwa nimekaa kushoto, mwanafunzi ndiye anayeendesha. Nikiwa peke yangu, au Fundi Taratibu akiwa peke yake, tunakanyaga mafuta, tunaruka ishirini kama watu wanaoruka dimbwi, tunarudi tukisema hamna kitu. Gari hili lilikuwa linajulikana na wanafunzi tu, na wanafunzi nimewafundisha kwamba kila kosa ni lao.

Nilifungua gurudumu la nyuma kushoto, nikalipeleka kwa fundi wa matairi. Akalitazama, akaliweka kwenye mashine, likazunguka. "Liko sawa." Halina ufa wala jipu linaloonekana, na upepo umejaa. Nimebaki nalo sebuleni. Dada amelifunika kwa gazeti.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimekwenda kwa mkunga na gurudumu lenyewe. Nililibingirisha kutoka kwenye teksi hadi mlangoni kwake, nimelowa chapachapa. Nyumba ya vyumba viwili, safi mno. Mumewe alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mito pande zote mbili, na alinisalimia kwa upande mmoja wa mdomo kwa heshima kubwa. Hajui mimi ni nani kwao, nilifikiri. Au anajua.

Mkunga alitazama gurudumu, akanitazama. "Umeniletea mgonjwa?"

"Mama, ulisema nyuma kushoto. Mafundi wawili hawajaona kitu. Nakuomba uliguse."

Nilidhani atanifukuza. Akaenda kunawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaifuta, akatandika mkeka. Tukalisimamisha gurudumu juu yake. Alipiga magoti, akaweka viganja viwili juu ya mpira, akafumba macho.

"Lizungushe. Polepole." Nikalizungusha. "Polepole, mwalimu. Wewe hujui polepole."

Tulizungusha hivyo, sijui muda gani. Mumewe alikuwa ameacha hata kukohoa. Vidole vya mkunga havikubonyeza, vilikuwa vinasubiri tu. Raundi ya kwanza hakusema kitu, wala ya pili. Ya tatu akasema, "Hapa." Akashika mkono wangu akaulaza palepale. "Usitafute. Tulia, likujie."

Likanijia. Mwinuko mpana, mdogo, kama mgongo wa kijiko chini ya shuka. Jicho haliuoni na mashine haikuujali. Nilitoa mkono haraka kama niliyeungua.

Alikwenda kunawa tena. Akiwa amenipa mgongo akauliza, "Ulijua?"

"Nilikuwa na hofu. Sikujua."

"Basi ulikuwa na hofu, ukasema mimi ndiye mwoga."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Alimgeuza mumewe upande wa pili, akampanga mito. Alifanya yote peke yake, na nilipoinuka kumsaidia alinionyesha kwa kidole nikae. "Tarehe mosi narudi usiku," alisema. "Bado sijampata wa kukaa naye. Beba tairi lako, mvua imepungua."

Jumamosi, 19 Aprili

Fundi wa matairi amelikata nikiwa nimesimama pale. Ndani, penye mwinuko, nyaya zimekatika na mpira umeachana tabaka kwa tabaka. Alinionyesha na bisibisi. "Hili lilikuwa linangoja siku ya jua kali na mwendo mkubwa tu. Dada, mlikuwa mnaligongesha kwenye nini? Upande mmoja huu, mamia ya mara."

Mpaka Februari tairi hilo lilikuwa nyuma kushoto, na sasa limerudi hapohapo. Tup! Umesikia? Hapo ndipo gari lako linapoishia.

Nimerudi kwa miguu. Nilikuwa nimelaumu klachi, injini, fundi, Kinyozi, mkunga. Nilimlaumu hata Shemeji kwa ubahili. Kumbe ni mimi na somo langu ninalojivunia kuliko yote.

Jumanne, 22 Aprili

Mwalimu ana siku saba kusahihisha maneno yake kwa mtahini, kwa maandishi. Zinaisha kesho.

Nimemweleza Shemeji mezani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tairi tumeshabadilisha, gari sasa ni zima kweli, tunachimbua ya nini? "Ukiandika kwamba ulijua, wanakufungia kibali cha kufundisha. Wewe ndiye shule. Tutakula nini?"

Nikamwambia Kinyozi alikwenda barabara kuu na lile tairi kwa sababu ya ulimi wangu. Akasukuma sahani yake kando. Dada, ambaye kwa kawaida huwa upande wa mumewe hata akisema maji hayalowanishi, aliniletea karatasi na kalamu, akaondoa sahani.

Nimeandika mistari sita. "Gari lilikuwa na hitilafu. Nilikuwa na hofu hiyo tangu mwezi Machi. Mtahiniwa hakuingiwa na woga. Alikataa kwa sababu alikuwa sahihi. Nilisema uongo. Kipande cha tairi nimekiambatanisha." Nimepeleka mwenyewe. Mtahini alisoma akiwa amesimama, akasoma tena akiwa amekaa.

Ijumaa, 25 Aprili

Majibu. Mkunga atafanya mtihani tarehe thelathini, kwa gari lolote zima. Kibali changu kimefungiwa miezi sita. Shemeji ametafuta mwalimu wa muda. Haongei nami, lakini leo asubuhi niliona amepaka rangi nyekundu kwenye ule ukingo wa zege na kuandika USIGUSE. Nilicheka peke yangu hadi machozi, kisha yakabaki machozi.

Jumatano, 30 Aprili

Siruhusiwi kuingia uwanjani. Nilisimama nje, kwenye uzio wa waya, bila mwavuli, maana niliutoa nyumbani nikausahau kwenye teksi. Sikualikwa. Sikuweza kukaa nyumbani.

Alikuja na gari la wifi yake, la bluu, kuukuu, wifi mwenyewe kando. Wifi akashuka, mtahini akapanda. Nililiona gari likizunguka uwanja kwa mwendo wa ishirini, na nikajikuta nimeshika waya kwa mikono miwili, nikiuvizia mtetemo ambao haungeweza kunifikia pale. Akaegesha kando. Hakugusa kitu. Tairi lake lilisimama shubiri moja kutoka kwenye ukingo, limenyooka. Kisha wakatoka langoni kwenda barabara kuu, wakapita mita mbili kutoka niliposimama, na hakugeuza macho. Sikumlaumu. Dereva hatazami pembeni, na hilo nilimfundisha mimi.

Nilihesabu dakika tena. Mvua iliongezeka. Niliwaza kwamba akishindwa leo, kesho jioni mtu yule atalala upande mmoja mpaka asubuhi, na itakuwa ni kwa sababu ya maneno yangu saba.

Walirudi. Mtahini alishuka na kuandika juu ya boneti, akikinga karatasi kwa mwili wake. Akampa. Mkunga aliisoma, akaikunja mara mbili, akaiingiza kifuani. Wifi yake akapiga vigelegele peke yake kwenye mvua ile yote, na ndivyo nilivyojua.

Nikageuka niondoke. Sikutaka anione nikiifanya siku yake iwe yangu. Nilikuwa nimefika kwenye kona gari la bluu lilipokuja nyuma yangu, polepole, likasimama. Kioo kikashuka.

"Nimepita," alisema. "Barua yako nimesomewa."

"Hongera, mama." Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yalinipotea, likabaki moja tu. "Umenisamehe?"

Alifikiri kweli. Nilimwona akifikiri, mikono yote miwili kwenye usukani, injini ikinguruma.

"Bado," alisema. "Panda, unalowa."